Nukta Kwenye Ubao Mweusi

Jumatatu, 24 Machi

Kwetu Mutomo mtu mzima huandika mvua. Baba yangu aliiandika ukutani kwa mkaa. Mimi naiandika kwenye daftari tangu nilipoacha shule darasa la sita. Tarehe na vidole vya maji kwenye mkebe, basi. Huku mvua bado haijaanza na daftari ni jipya, kwa hiyo nitaandika na mengine. Hakuna mtu wa kuzungumza naye Kikamba hapa, na nikimpigia mke wangu Syovata, simu hukatika kabla sijafika kwenye neno nililotaka kusema.

Nimekuja kwa kazi ya mikono. Mahali penyewe ni shamba la majaribio juu ya Msambweni, upande wa kuelekea Shimba Hills: kontena moja jeupe, choo, na njia ya ng'ombe. Mkubwa wetu ni msichana. Nasema msichana kwa kuwa ana umri wa binti yangu Mutheu, miaka thelathini na mmoja, lakini ni injinia wa umeme anayetengeneza mitambo ya mwanga. Jina lake Hasina, na amezaliwa hapa hapa Msambweni. Alipotoka ndani ya kontena alisema, "Shikamoo, mzee." Mkubwa wa kazi kuniamkia mimi! Nilichelewa kuitikia, akadhani sisikii vizuri, akarudia kwa sauti.

Jumanne, 25 Machi

Leo amenieleza kazi. Alikaa chini kwenye majani, akachora kwa kijiti.

"Nguzo ya zege hapa. Juu yake leza, na ubavuni mwake darubini. Leza inarusha mwali ambao macho hayauoni. Unakwenda mita mia mbili, unavuka njia ya ng'ombe, unaishia kwenye ubao mweusi kule. Mbung'o akipita katikati, mabawa yake yanarudisha mwanga kidogo kidogo, kama kioo mtu akikichezesha juani. Darubini inaudaka ule mwanga. Kila mdudu ana mwendo wake wa mabawa, kwa hiyo najua ni nani amepita bila kumshika."

"Na ubao mweusi?"

"Wa kumeza mwanga uliobaki. Mwali ukitoka nje ya ubao ukapiga majani, majani yatayumba na kunipigia kelele kwenye mashine, nisisikie mdudu wala nini. Na ubao wenyewe ni nusu mita tu. Nguzo ikiinama unene wa ukucha, kule mwali utakuwa umehama kiganja kizima. Kwa hiyo, mzee Masila, tafadhali, chimba mpaka mwamba."

Nikamwambia mwamba naujua mimi. Kwetu ndiyo mazao yetu.

Jumatano, 26 Machi

Nimechimba peke yangu. Mwenzangu kazini ni Chande, Mdigo, rika langu. Kazi yake ni kulinda mchana na kuhesabu mbung'o wanaonaswa kwenye mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, ili hesabu yake ilinganishwe na ya mashine. Amefunga Ramadhani, kwa hiyo alikaa kivulini akinipa maneno badala ya mkono.

Udongo wa huku ni mzito, unashika sururu kama mtoto anayeshika gauni la mama. Kufika futi nne, mtaimbo ukalia. Kwetu mtaimbo ukilia hivyo, umefika, unapangusa jasho unatoka shimoni.

"Hilo si mwamba," akasema Chande. "Hilo ni jiwe la bahari limelala ndani ya udongo. Lizunguke, Mkamba. Mwamba uko chini yake."

"Umelionea wapi na umekaa huko juu?"

"Nimelisikia. Limelia kama sufuria tupu."

Nilidhani ni kiu ya funga inayosema. Nikapiga tena. Na kwa kuwa daftari hili ni langu, nitasema kweli: na mimi nilisikia sufuria. Lakini mgongo ulikuwa umekwisha na jua lilikuwa limesimama shingoni. Nikatoka. Hasina akaja akauliza, "Ni mwamba, mzee?" Nikasema, "Ni mwamba." Akasema mashallah, akaandika kwenye kitabu chake.

Alhamisi, 27 Machi

Tumemwaga zege. Hasina amechora tarehe kwa msumari kabla halijakauka, na chini yake jina langu. Sikumwomba.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Chande amenitumia biriani sahani mbili. Ya pili alisema ni ya jiwe langu.

Jumatano, 9 Aprili

Mwali umewashwa, na sikuona kitu. Ndivyo ulivyo. Tunavaa miwani ya kijani maana unaweza kumpofusha mtu asijue nini kimempofusha. Hasina amenipa kadi ngumu. Mwali ukiigusa, inawaka nukta ya rangi ya chungwa. Kazi yangu mpya ni hii: kila asubuhi na kila alasiri niende kwenye ubao mweusi, niipitishe kadi kama mtu anayefuta dirisha, niione nukta, nimpigie simu nimwambie iko wapi. Yeye huku anazungusha skrubu mpaka irudi katikati.

"Iko wapi?"

"Katikati kabisa, injinia."

Alipiga kigelegele nikakisikia bila simu.

Baadaye aliunganisha spika ili tusikie wadudu. Mmoja akapita. "Nyuki huyo." Mwingine. "Nzi wa kawaida." Kisha ikaja sauti nyingine, fupi, kavu, kama mtu anayechana kanga mpya. Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni. Huyu ni mjane wa jirani. Ndiye anayetupikia, na ng'ombe wanaopita kwenye njia ile ni wake. Walikuwa saba, wamebaki wanne. Akasema, "Huyo ndiye aliyemuua Kidoti wangu."

Hasina hakuwa amemwambia bado ni mdudu gani. Alizima spika taratibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwanapili akitaka kuvusha ng'ombe sasa anapiga ukelele, "Wapitaaa!" na Hasina anazima mwali. Jogoo wa kwa Mwanapili ameanza kuitikia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya kwanza ya kweli. Vidole viwili kwenye mkebe. Kwetu watu wangetoka nje kucheza. Chande alinicheka: "Mkamba akiona mvua utadhani kaletewa posa."

Alasiri nukta iko vidole vitatu chini ya katikati. Hesabu za kila siku, asubuhi na alasiri, nazipanga ukingoni mwa kurasa hizi hizi; katikati nitataja chache tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua kidole kimoja. Nukta asubuhi vidole vinne chini, Hasina akairudisha. Alasiri viwili chini tena. Anasema labda skrubu zinalegea kwa joto.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua vidole vitatu. Nukta kiganja kizima chini, na kidogo kushoto. Skrubu amezibadilisha zote.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna mvua. Nukta haikusogea. Chakula: muhogo wa nazi. Jana: maharagwe ya nazi. Naota muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua vidole vinne. Nukta imetoka nje ya ubao. Niliitafuta kwa kadi kwenye majani, nikaikuta chini karibu na kiatu changu, inacheza na upepo.

Hasina alipoenda Ukunda kuchukua betri, nilitundika timazi kwenye nguzo. Uzi na kipande cha chuma, kitu ambacho mjenzi yeyote angefanya siku ya kwanza. Nguzo imeinama. Si sana, unene wa kijiti cha kiberiti. Lile jiwe halijakaa juu ya kitu. Udongo wa huku ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea, na jiwe linapanda na kushuka kama mtu aliyelala juu ya godoro la maji, na nguzo yangu iko kifuani pake.

Chande alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama hapo muda gani.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Mimi nilisema siku ile. Lako hilo. Mimi nakusitiri, lakini usinifanye nikusitiri mpaka nizeeke."

Nikatoa uzi nikaukunja mfukoni.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nilitaka kumwambia. Nilifika mlangoni. Alikuwa ameifungua bodi yake, ile sahani ndogo ya kijani aliyoichora na kuiunganisha mwenyewe kwa miaka mitatu, waya hadi waya. Ameishika kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Akaniambia, "Nafikiri kosa liko humu, mzee. Unyevu wa bahari unaingia." Nikasema, "Pole." Nikaondoka na pole yangu.

Mvua vidole viwili. Nukta kiganja chini.

Jumatatu, 12 Mei

Dakta Musyoki, mkubwa wake wa Nairobi, amepiga simu. Hasina aliweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ilikuwa na gundi, hivyo nilisikia. Dakta anakuja tarehe 14 Julai. Hesabu ya mashine na hesabu ya mitego zisipolingana, mradi unafungwa, kontena linarudi, na Hasina anarudi ofisini kutengeneza mitambo ya watu wengine. Dakta hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Baada ya simu aliniuliza kama nimekula.

Jumatano, 14 Mei

Mvua vidole vinne na nusu. Nje ya ubao, zaidi ya shibiri.

Alhamisi, 15 Mei

Vidole vitatu. Nje ya ubao.

Ijumaa, 16 Mei

Vidole viwili. Kiganja na nusu chini. Hasina alikwenda kuswali Ijumaa, akarudi, akafungua bodi tena.

Jumanne, 20 Mei

Walikuja wageni wawili kutoka kaunti. Hasina akawaonyesha leza, darubini, kompyuta. Mmoja akauliza, je, nguzo haiwezi kuwa inasogea? Hasina akacheka, akaweka mkono kwenye jina langu pale kwenye zege.

"Hii kachimba mzee Masila mpaka mwamba. Kila kitu hapa kinaweza kuharibika isipokuwa hii."

Nilikuwa nimeshika jembe. Nikaenda kulima mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kulima.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike kuhusu mtu huyu, maana nimemwandika kwa mvua na nukta tu. Hasina anatembea kama aliyesahau kitu, anageuka katikati ya njia anarudi, anasimama, anaendelea. Chai yake haifai. Anaisahau jikoni mpaka inakuwa dawa. Akifikiri sana anajisemesha Kidigo, akigundua tunamsikia anaona haya. Amemletea Mwanapili dawa ya ng'ombe kutoka Kwale na kumwambia imetolewa bure, na Chande anasema si bure. Siku nilipopata homa alinipeleka hospitali mwenyewe, na kwenye foleni akamwambia daktari, "Huyu ni baba yangu wa kazini." Daktari akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema hatufanani. Hasina akasema, "Tunafanana mikono." Kweli, mikono yetu yote ina makovu ya moto na vyuma.

Mtu kama huyu ndiye ninayemwacha achunguze bodi isiyo na kosa.

Jumanne, 3 Juni

Mvua kidole kimoja. Nukta vidole vitatu chini.

Ijumaa, 6 Juni

Idd ya kuchinja. Nimealikwa kwao Hasina, Msambweni mjini. Mama yake aliniwekea maini peke yangu kwenye sahani. Mama akasema, "Mwanangu kila siku ni mzee Masila, mzee Masila. Nikasema huyo mzee nimwone." Niliyala yote, macho kwenye sahani.

Jumatano, 18 Juni

Mvua vidole vitatu. Nje ya ubao. Ng'ombe mmoja wa Mwanapili, yule mweupe mwenye pembe moja, hali majani tangu juzi. Mwanapili amekaa naye kutwa akimpungia kwa kipande cha kanga. Aliniuliza, "Hii mashine ikishajua mbung'o wanapita saa ngapi, mimi si nitapeleka ng'ombe saa nyingine?" Nikasema ndiyo, na mitego itawekwa pale wanapopita wengi. "Basi injinia afanye haraka," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Jumapili, 22 Juni

Sikuenda kanisani. Nilisoma daftari hili tangu mwanzo, nikaona kitu ambacho sikukusudia. Kila siku ya mvua kuna vidole vya maji, na ubavuni kuna vidole vya nukta. Maji yakipanda, nukta inashuka. Siku kavu, nukta imetulia. Hakuna siku hata moja niliyoruka, maana kwetu mvua hairukwi. Hasina anairudisha nukta katikati kwa skrubu na haandiki ilikuwa wapi. Mimi peke yangu ndiye niliyeandika.

Jumanne, 24 Juni

Amechapa barua kwa Dakta. Alinisomea, sijui kwa nini mimi. Inasema kosa ni la bodi aliyoibuni yeye, ameshindwa kulipata, na anaomba mradi usipoteze muda zaidi kwa ajili yake. Ataituma Ijumaa, asionekane ameamua kwa haraka.

"Umeandika kwa lugha nzuri," nikamwambia.

"Ahsante, mzee," akasema, na akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Jumatano, 25 Juni (kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nitaibandika)

Daftari sinalo. Ninalo la kusema hata hivyo.

Asubuhi nilikwenda na uzi wangu, kipande cha chuma, na daftari. Sikubisha hodi. Nikamwambia, "Injinia, njoo nje." Nikatundika timazi mbele yake kwenye nguzo. Aliangalia uzi. Kwa juu uligusa zege, kwa chini pangepita vijiti viwili vya kiberiti.

"Si mwamba," nikasema. "Ni jiwe. Lililia kama sufuria na nililisikia. Nilikuwa nimechoka nikakwambia ni mwamba. Tangu tarehe tano Mei najua hakika. Bodi yako ni nzima. Sikuwahi kuona kitu kizima kama bodi yako."

Aliugusa uzi kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Wiki saba, mzee."

"Najua."

"Nimeifungua ile bodi mara kumi na moja."

"Mara kumi na mbili. Umesahau Ijumaa ile ya tarehe kumi na sita, baada ya kuswali."

"Unahesabu!" Sauti ikapanda. "Umekaa unahesabu!"

"Nimeandika." Nikamnyooshea daftari. "Kila asubuhi na kila alasiri nukta ilikuwa wapi, na mvua kiasi gani. Tangu mwali uwashwe. Labda lina faida. Lakini utayasoma na mengine humo, na sina namna ya kuyatoa bila kuchana mvua."

Alilichukua. Macho yalikuwa yamejaa na hakuyafuta, akaingia ndani, akafunga mlango wa kontena. Chande alikuwa kwenye mitego. Alikuja. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akanisukumia.

Alhamisi, 26 Juni (karatasi ya saruji)

Leo hakuniamkia. Alipita akasema, "Habari." Miezi mitatu ya shikamoo, nikaona kumbe nilikuwa naila kama chakula.

Nilichukua sururu nikaanza shimo jipya, hatua nne kutoka nguzo ya zamani. Hakuna aliyenituma.

Ijumaa, 27 Juni (karatasi ya saruji)

Barua haikutumwa. Mlango wa kontena umefungwa kutwa. Mwanapili alipeleka chakula, akarudi akasema, "Amekiacha kipoe. Kaandika namba kuta zote." Mvua kidole kimoja.

Nimefika futi nne. Jiwe jingine. Nikalizunguka.

Jumamosi, 28 Juni (karatasi ya saruji)

Futi sita. Chande ameshuka shimoni na mimi, wazee wawili kama panya kwenye mtungi. Hafungi sasa, lakini kanipa maneno vile vile. "Chimba, Mkamba, Mombasa iko karibu."

Jumatatu, 30 Juni (karatasi ya saruji)

Futi saba na nusu. Mtaimbo umelia, sauti nyingine kabisa. Fupi, nzito, hairudi. Imepanda mpaka kwenye meno.

"Huo sasa ndio mwamba," akasema Chande.

Tulisikia mtu juu. Hasina alikuwa amepiga magoti ukingoni, udongo kwenye buibui.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga.

"Nishusheni."

Tukamshusha kwa kamba. Akaweka kiganja kwenye mwamba, akanipa ishara nipige, akausikiliza kwa mkono. Akaupiga mwenyewe. Halafu akasema, akiangalia mwamba, si mimi: "Siku thelathini na nne kati ya zile zenye kelele nimeweza kuzisafisha. Nimetoa saa ambazo mwali ulikuwa majanini, kwa vidole ulivyoandika daftarini. Zimelingana na mitego ya Chande."

Chande akasema, "Mimi huwa sikosei hesabu."

"Na mzee Masila huwa haruki siku," akasema Hasina.

Hajanisamehe kwa maneno. Lakini alipotaka kupanda alikanyaga bega langu, na hakuuliza.

Alhamisi, 3 Julai

Daftari limerudi. Nimebandika karatasi za saruji, zinanuka.

Ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kila nukta ina alama ya vema. Na pale nilipoandika msichana: "Mwanamke, mzee." Pale pa chai: "Uongo. Chai yangu ni nzuri." Pale pa maini: "Mama anauliza lini tena." Ukurasa wa tarehe 26 Machi hakuandika kitu, ila karatasi imekunjamana kama iliyolowa ikakauka. Sikuuliza.

Na tarehe 24 Mei, pale nilipomwandika yeye, chini kabisa: "Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nilifika hapa."

Zege la nguzo mpya tumelimwaga jana. Alinipa msumari, akasema, "Andika wewe." Nikaandika tarehe, jina lake, jina la Chande. Langu akaongeza yeye.

Alhamisi, 10 Julai

Mashine imehamishiwa nguzo mpya. Ng'ombe mwenye pembe moja amekula majani. Mwanapili sasa anavusha ng'ombe asubuhi mapema, kabla ya saa ambazo mashine inasema mbung'o wanajaa njiani. Bado anapiga ukelele wa "Wapitaaa!" hata mwali ukiwa umezimwa. Anasema jogoo amezoea.

Jumatatu, 14 Julai

Dakta Musyoki alikuja, mtu mpole, viatu vyeupe ambavyo havikukaa vyeupe. Alisoma mistari ya kompyuta asubuhi nzima. Akauliza namna ya kusafisha ilipatikanaje. Nilikuwa nje ya mlango.

Hasina akasema, "Nguzo ya kwanza haikufika mwamba. Kosa lilikuwa letu, hapa kazini. Na kipimo cha kulirekebisha kilikuwa chetu pia." Akaweka daftari hili mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mvua, kiganja chake kikifunika maneno mengine.

Dakta akalitazama. "Nani aliyefanya hivi kila siku?"

"Baba yangu wa kazini."

Mradi unaendelea mpaka vuli. Dakta anataka bodi ya Hasina itengenezwe nyingine mbili, moja ya Lunga Lunga. Amesema pia mvua iandikwe rasmi kuanzia sasa. Nimepewa mkebe wa kioo wenye mistari. Nitatumia vyote viwili, maana mistari siiamini bado.

Nilimpigia Syovata nikamwambia nitachelewa kurudi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, tangu sufuria mpaka mwamba, na simu haikukatika. Akasema, "Mletee huyo mtoto muthokoi." Nitamletea. Ataupika na nazi, najua.

Jumatano, 16 Julai

Hasina, kama unasoma hapa, chai ya leo ilikuwa mbaya kuliko zote, na nimeimaliza.

Mvua kubwa ilishuka tangu kabla ya alfajiri mpaka saa tatu. Nilivua viatu, nikavuka njia ya ng'ombe maji yakifika kwenye vifundo. Hasina alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena, miwani ya kijani kichwani, hakusubiri nipige simu. Akapaza sauti kutoka kule kote:

"Shikamoo, mzee! Iko wapi?"

"Marahaba!" nikajibu, nikapitisha kadi.

Mvua vidole vitatu. Nukta pale pale.